Pete ya Chuma na Mtamba wa Momela

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, si nyundo. Karakana ilikuwa ng'ambo ya mto Themi, mahali ambapo boma la Wajerumani lilionekana vizuri, jeupe, na bendera yake. Mkubwa wetu alikuwa Mjerumani mwenye ndevu nyekundu ambaye sisi sote tulimwita Bwana Fundi. Alinitazama, akatazama barua yangu ya misheni iliyosema kwamba najua kusoma, kuandika na hesabu, akairudisha. "Kusoma vizuri," alisema. "Leo wewe chota maji."

Nilichota maji siku ile mpaka mabega yakawaka. Jioni ndipo nilipoona yalikuwa ya kazi gani, na tangu jioni ile nikaipenda kazi ya magurudumu.

Ninyi mnaopanda lori kwenda Moshi na kurudi siku hiyo hiyo, naomba mnivumilie nieleze. Wakati ule mizigo yote iliyofika Arusha ililetwa kwa magari ya ng'ombe. Gari moja lilivutwa na ng'ombe kumi na sita, wawili wawili katika nira, na safari ilikuwa ya siku nyingi, kuvuka mito na mawe. Gurudumu la gari lile lilimfikia mtu kifuani. Katikati kilikuwa kitovu, gogo la mti mgumu lililotobolewa. Kutoka kitovuni ilitoka mikono, yaani mbao zilizochongwa kama mipini ya majembe. Mikono ilishika duara la mbao, na juu ya duara hilo ilivaa pete ya chuma. Pete ndiyo iliyoshikilia kila kitu. Bila pete, gurudumu ni kuni tu.

Pete hutengenezwa ikiwa ndogo kidogo kuliko duara lake. Huwekwa motoni mpaka iwe nyekundu, kwa maana chuma kikipata moto hutanuka. Watu wanne huibeba kwa koleo, huivisha mbio, halafu maji humwagwa. Mvuke hupanda, mbao hulia kama mnyama, chuma husinyaa, na kila kiungo huingia mahali pake. Maji yale ndiyo niliyokuwa nimeyachota.

Upande wa moto alikuwapo Fundi Saidi, mhunzi kutoka Tanga, Mwislamu mcha Mungu mwenye ulimi mkali. Kwa kuwa nililelewa misheni, aliniita Mchungaji. "Mchungaji," alisema siku ile ya kwanza, "umeona jehanamu ilivyo? Basi ukasali vizuri."

Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa nilipandishwa kuwa fundi msaidizi, mshahara rupia kumi na tano kwa mwezi. Rupia moja ilikuwa na hela mia, na mtu aliweza kula siku nzima kwa hela chache. Kijana wa Kimeru aliyekulia migombani kwa baba yake, asiyewahi kushika hata rupia mbili kwa pamoja, akipewa kumi na tano anaona ni mali isiyokwisha. Mimi niliona hivyo.

Karibu na soko palikuwa na duka la Mhindi mmoja, mtu mpole, mwembamba, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na daftari refu. Mtu mwenye kazi ya kudumu alichukua alichotaka, akaandikwa. Nilichukua koti. Nilichukua viatu vya ngozi vilivyolia nikitembea, nami nikapenda vilie. Nilichukua sukari. Mwenye duka hakunilazimisha hata mara moja, naomba hilo lieleweke. Alikuwa akiuliza tu, "Niandike, Fundi?" Nami nilifurahi kuitwa Fundi, nikasema andika.

Deni lilipopita rupia thelathini nilishtuka, nikaanza kulipa. Nililipa vizuri miezi mingi. Ilipofika Novemba zilikuwa zimebaki rupia nane, na kanisani nilikuwa naimba kwa sauti.

Kisha ikaja Krismasi.

Kwetu, mtu wa rika akipata kabla ya wenzake, sikukuu humwangukia yeye. Hakuna anayemwambia. Wenzake hufika tu, wamenawa, wamekaa. Nami nilikuwa wa kwanza katika rika letu kupata mshahara wa fundi, tena nilikuwa nimeposa. Mchumba wangu alikuwa Naomi, binti wa jirani yetu kule Akheri, tuliyesoma naye shule ya misheni. Sikutaka aibike kwa ajili yangu. Nilikwenda dukani nikasema andika mchele, andika chai na sukari, andika kitambaa cha mama mkwe, andika taa ya mafuta. Mwishoni niliona kioo kikubwa cha ukutani chenye maua pembeni. Andika kioo.

Mwenye duka aliweka kalamu chini. "Fundi, hii nyingi. Utalipa lini?"

"Kabla ya masika."

"Na ukishindwa? Masika magari hayatembei. Magari hayatembei, wewe huna mshahara. Nipe kitu cha kushika."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa mlimani tu angeweza kulifanya. Nilisema, "Nina mtamba Momela."

Mtamba huyo, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, alikuwapo kweli. Alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Baba yangu alikuwa na rafiki Mwarusha, Mzee Loishiye, aliyefuga kule karibu na maziwa ya Momela ambako nyasi zina chumvi. Sisi wa migombani hatukuwa na malisho ya kutosha, hivyo baba aliweka ng'ombe wake kwake. Mwenye kutunza hunywa maziwa, na katika ndama wanaozaliwa hupata mmoja wake kwa zamu iliyokubaliwa. Mtamba yule alikuwa ametajwa na baba mbele ya wazee kuwa mnyama wa kwanza wa mahari ya Naomi. Kwa kuwa ametajwa kwa ajili ya ndoa yangu, mimi nilidhani ni wangu. Mwenye duka aliandika, "mtamba mwekundu mmoja," nami niliyesoma misheni nikatia sahihi yangu chini yake, herufi nzuri kabisa.

Krismasi ilipita vizuri. Wenzangu walikula, wakajitazama kwenye kioo kwa zamu, wakaenda zao. Januari niliamka na deni la rupia thelathini na nne.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kijinga. Nilikopa rupia tano kwa Fundi Saidi, nikazipeleka dukani, nikajisikia nimelipa. Wiki haikuisha, Saidi alianza. "Mchungaji, fedha yangu haijui Krismasi. Imetoka kwa Mwislamu, inalia inataka kurudi kwa Mwislamu." Watu wa mvukuto walicheka mpaka wakaacha kupuliza moto.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Niliona kwamba njia rahisi ni kumleta mtamba kimya kimya, nimkabidhi, niwe huru. Baba nitamwambia baadaye neno lolote. Jumamosi mchana niliomba ruhusa, nikapanda kuelekea Momela. Nililala njiani kwa watu, na Jumapili, saa ambayo ndugu zangu walikuwa ibadani, mimi nilikuwa nainamisha kichwa mbele ya Mzee Loishiye. Alinigusa utosini, kama ilivyo desturi yao kwa vijana, akaniuliza habari za baba, za mama, za migomba, za ng'ombe. Kisha nikasema nimetumwa kumchukua mtamba.

"Umetumwa na nani?"

"Na baba."

Alinipeleka zizini, akamshika mtamba ubavuni kwa kiganja. "Ana mimba. Baba yako anajua, nilimtumia habari. Mtu anayejua hivyo hawezi kumtuma mtoto amtembeze na mimba hii juu ya mawe yote yale. Sasa niambie tena, mwana wa rafiki yangu. Umetumwa na nani?"

Nilimwambia yote. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi. Labda kwa sababu mkono wake ulikuwa bado juu ya ng'ombe, hakunitazama.

"Sikiliza," alisema. "Wewe unasema huyu ni wako. Si wako. Si wa baba yako tena. Si wangu pia, ingawa nimemtoa kinywani mwa fisi mara mbili. Ng'ombe aliyetajwa mbele ya wazee ni wa mlango unaomngoja. Ukimuuza, hujauza ng'ombe. Umemrudisha yule binti kwao."

Nilirudi nyuma hatua moja kutoka kwa yule mtamba.

"Baba yako simwambii," aliendelea. "Utamwambia wewe. Lakini yeye huja kwangu na tumbaku kila mvua zinapoanza. Akiniuliza, mimi simdanganyi rafiki yangu."

Basi nilirudi Arusha nikijua hesabu yangu. Mvua za kwanza za masika zikianguka kabla sijalipa, mwenye duka atapeleka karatasi yangu kwa Bwana Shauri, yule mkubwa aliyesikiliza kesi bomani. Sahihi ni yangu. Askari watapanda Momela kumchukua mtamba, na wazee wa Naomi watasikia kwamba mahari ya binti yao ililiwa kwa sukari na kioo.

Jumapili iliyofuata, katika sala ile aliyotufundisha Bwana, tulipofika penye kusamehewa deni sauti yangu ilikufa. Nilisogeza midomo tu. Naomi alikuwa upande wa wanawake, akaona. Baada ya ibada alinisubiri mferejini pamoja na mdogo wake, maana haikuwa adabu tukae peke yetu.

"Zakaria, unaumwa?"

Nilimwambia. Nilitazama maji nikisema. Nilipomaliza alikuwa amefunga mikono kifuani.

"Hicho kioo," alisema, "ulinunua cha nini? Ujione mara mbili? Mimi, wewe mmoja unanitosha."

Mdogo wake aliangua kicheko. Naomi hakucheka.

"Sikuomba kioo. Wala mama hakuomba kitambaa. Wewe uliona aibu ambayo sisi hatukuwa nayo." Kisha akasema polepole, "Sitasema nyumbani. Lakini jambo hili likifika kwa askari, sitasema nilikuwa sijui. Kalipe."

Jumatatu nilimwendea Bwana Fundi kumwomba mshahara wa miezi miwili ya mbele. Kilikuwa kiangazi kikali. Upepo mkavu ulikuwa unashuka, na magari yalikuja karakanani yakigongagonga, kwa maana jua hukausha mbao, mbao hupungua, na pete hulegea. Waendeshaji wavivu walikuwa na dawa yao: kupigilia kabari, vipande vya mti, kati ya mbao na chuma. Gari hutembea siku mbili, kisha gurudumu hupasuka.

Bwana Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Aliokota kabari iliyokuwa imeanguka kwenye gurudumu moja, akaniwekea mkononi.

"Hii nini?"

"Kabari, Bwana."

"Dawa?"

"Hapana, Bwana."

"Wewe taka mimi piga kabari kwako. Mshahara wa mbele ni kabari. Fedha ya Saidi ni kabari. Gurudumu likilegea, sisi tunaongeza mti?"

"Hapana, Bwana. Tunakata pete."

"Pima kwanza. Halafu kata."

Akachukua ukutani kigurudumu cha kupimia. Hiki ni kifaa kidogo, duara la chuma la ukubwa wa sahani, lenye mpini na alama moja ya chaki. Fundi hukitembeza kuzunguka mbao akihesabu mizunguko, kisha hukitembeza ndani ya pete. Tofauti ya hesabu mbili ndiyo kipande cha chuma cha kukatwa, na pete huungwa tena motoni ikiwa ndogo zaidi. Nilikuwa nimekitumia mara mia. Siku ile nilikitazama nikatambua kwamba tangu Krismasi sikuwahi hata siku moja kumwomba mwenye duka anisomee deni langu lote, mstari kwa mstari. Niliogopa kusikia. Nilikuwa nakata pete bila kupima mbao.

Bwana Fundi hakunipa rupia hata moja. Alinipa kazi. Kila gurudumu nitakalolifunga baada ya saa za kazi, nusu rupia, nalipwa likikaguliwa na kukubaliwa. Jioni ile nilikwenda dukani nikasema, "Nisomee yote." Mwenye duka alivaa miwani yake akasoma taratibu, na kila kitu kilichotajwa nilikumbuka siku niliyosema andika. Nilipotoka nilihisi kama mtu aliyemaliza kung'olewa jino.

Kesho yake nilibeba taa na kioo kwenye kambi ya waendesha magari. Taa ilinunuliwa upesi. Kioo kilinunuliwa kwa nusu ya bei na mpishi wa mzungu mmoja, ambaye alijitazama, akatengeneza kofia, akasema kinamwonyesha mnene. Koti lilikwenda. Sukari niliiacha. Nikarudi kula ndizi na maharage kama nilivyolelewa, na mwili haukulalamika.

Wiki zile nilifunga magurudumu mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Fundi Saidi ndiye aliyekuwa akinishikia moto jioni, ingawa hakuwa akilipwa. Nilipomrudishia tano zake alizihesabu mara mbili kwa makusudi. "Mchungaji amefufuka," aliwaambia watu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikuja bara kwa sababu ya daftari kama lile. Puliza moto, bwana."

Nisiwadanganye kwamba sikuteleza tena. Katikati ya Februari mwenzangu wa rika alipita, nikamnunulia chai, na nikiwa pale dukani mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitambaa kingine. Mwenye duka akauliza, "Niandike, Fundi?" Niliuondoa mkono kama nimeshika pete ya moto. Hela za chai nilizilipa papo hapo, na jioni nikafunga gurudumu moja zaidi. Zamani ningesema, kwa kuwa nimekwisha kukosea, mwezi huu umeharibika wote. Siku ile nilijua kwamba gurudumu moja lililokataliwa halifanyi karakana ifungwe.

Masika yalitangulia mwaka ule. Asubuhi moja mwanzoni mwa Machi mlima ulifunikwa na mawingu mpaka chini, na matone makubwa yakaanza kugonga mabati ya karakana. Siku ya mshahara ilikuwa bado mbali. Nilihesabu nilichokuwa nacho, nikakimbia.

Zilipungua rupia mbili.

Mwenye duka alihesabu, akahesabu tena, akanitazama juu ya miwani. Nje, mvua ilikuwa imeshika kasi. Daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa wangu, na herufi zangu nzuri zilionekana. Niliinama, nikavua viatu, nikaviweka juu ya meza yake.

"Hivi vimepasuka, Fundi," alisema.

"Vimepasuka kwa kuja hapa kulipa."

Aliviinua, akavigeuza, akatazama nyayo zilizoliwa. Yule mtu mpole alianza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaning'inia kwa uzi wake. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya viatu katika daftari, mstari juu ya mtamba, na mstari mrefu juu ya jina langu. Ukurasa ule aliuchana akanipa.

Nilitembea pekupeku kwenye matope mpaka Akheri. Baba alikuwa amekaa mlangoni akifunga tumbaku kwenye jani kavu la mgomba, tayari kwa safari. Nilimwambia kabla hajanijibu salamu. Nilimpa ukurasa, hakujua kusoma, lakini aliushika muda mrefu akifuata ile mistari kwa kidole.

"Na viatu?" aliuliza.

"Vimelipa, baba."

Alirudia kufunga tumbaku yake. Alipokaza fundo la mwisho alinikabidhi. "Mtamba amezaa juzi, ndama jike. Loishiye ameleta habari. Mpelekee wewe, na umwambie mwenyewe. Mimi miguu inauma." Miguu yake haikuwa inauma. Baba yangu aliweza kwenda Momela na kurudi akiwa na miaka mingi kuliko niliyo nayo sasa.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno, na mtamba akaenda kwenye mlango wake.

Baadaye nilipelekwa Sanya, kwenye kambi ya magari ya njia ya Moshi, nikawa fundi mkuu chini ya Bwana Njia, aliyesimamia madaraja na hakujua kucheka. Kisha vita ikaja. Magari yote yalichukuliwa na jeshi, na asubuhi moja Bwana Fundi alipita Sanya akiwa na mkoba mmoja. Karakana ilikuwa bado na deni langu, mshahara wa mwezi mmoja. Aligeuza mifuko yake nje nione. Kisha akatoa mkobani kile kigurudumu cha kupimia, akanipa. "Sakaria, hii si kabari," alisema. Sikumwona tena. Nilimwombea kwa jina, na bado namwombea. Hatudaiani.

Waingereza walikuja na motokaa, nami nikafanya kazi katika karakana yao hadi nilipostaafu, lakini hayo ninyi mnayajua. Siku hizi nikiletwa Arusha na wajukuu, mahali pa tanuri letu pamejengwa, na hakuna harufu ya kwato wala ya moshi. Sisikitiki. Mungu amenipa kuona nyakati mbili, na ni wengi ambao hawakuuona hata mmoja hadi mwisho.

Kigurudumu kinaning'inia ukutani kwangu. Miaka yote tuliyoishi pamoja, kila Krismasi ilipokaribia, Naomi alikitoa kwenye msumari, akakiweka mezani kando ya chai yangu, bila neno lolote. Nilikuwa natwaa kalamu na karatasi, tunapima, ndipo tunakwenda dukani. Sasa ni mwaka wa tatu tangu apumzike. Desemba iliyopita nilikitoa mwenyewe, nikakiweka mezani kando ya kikombe.

Ndani ya kikombe yalikuwa maziwa. Ng'ombe aliyeyatoa ni wa uzao wa yule mtamba wa Momela: ni mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Nilimshukuru Mungu, nikanywa.